Siku Mpiga Mnada Aliponyamaza

Thomasi Nanyaro alizaliwa mdomo kwanza, viungo vingine vikafuata. Hilo si tusi, mwenyewe analisema kwa majivuno. Mama yake alijifungulia shambani, kwenye mistari ya kahawa juu kidogo ya Maji ya Chai, na wanawake waliokuwa wakichuma upande wa pili wa korongo walisikia kile kilio wakadhani ni mapacha. Alisoma mpaka darasa la saba, tena lile la zamani, ambalo mtu akilimaliza anakuandikia barua ya serikali na kukusomea maelezo ya dawa ya ng'ombe bila miwani. Hakuendelea mbele. Kwa maelezo yake, aliwaonea huruma walimu wa sekondari.

Akawa utingo wa lori, akarudi nyumbani, akaoa Maria, akarithi migomba na kahawa ya baba yake, akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Lakini kilichompa jina ni mnada.

Kama hujawahi kusali na Walutheri wa Mlima Meru, pole sana, umepitwa. Ibada ikiisha huko hakuna anayekimbilia nyumbani. Watu wanatoka nje, na zile sadaka ambazo si fedha zinapangwa mezani: mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo aliyefungwa miguu, maziwa kwenye kibuyu, debe la mahindi. Kisha vinanadiwa. Unaweza kununua parachichi lako mwenyewe ulilolileta asubuhi. Unaweza kushindania kuku na mwenzako mpaka jasho likutoke, halafu ukishampata unamkabidhi bibi kizee aliye kando yako na kuondoka mikono mitupu, unacheka. Na kwa miaka ishirini na sita aliyesimama nyuma ya meza ile ni Thomasi. Aliweza kulinadi yai moja mpaka likapata heshima ya ndama. Mchungaji aliwahi kukiri kwamba mahubiri yake huwa mafupi kwa sababu anajua watu wanamsubiri Thomasi.

Ng'ambo ya mfereji unaopita chini ya shamba la Thomasi anakaa Yona Mbise. Hawa wawili ni rika moja: walibatizwa siku moja, wakatiwa jandoni msimu mmoja, na waligombania msichana mmoja ambaye aliwakataa wote wawili akaolewa Moshi. Yona ni kinyume cha Thomasi. Maneno yake ni machache kama mvua ya Januari. Mkewe, Elinipa, ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya nyumba nzima, na Elinipa alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yao Lilian yuko Mwanza na wanawe.

Tangu siku ya mazishi, Thomasi alivuka ule mfereji kila siku alasiri. Kila siku, usibishe! Mvua ikinyesha alivuka na gunia kichwani. Alikaa kibarazani kwa Yona saa nzima, akamweleza bei ya kahawa, makosa ya mwenyekiti wa kitongoji, jinsi ya kutibu migomba, jinsi ya kulala vizuri, jinsi ya kumsahau marehemu. Saa ikiisha alijipangusa magoti, akarudi kwake na kumwambia Maria, "Yule mzee bila mimi angekuwa ameshaoza."

"Na yeye anasemaje?" Maria aliuliza.

"Yona? Yona hasemi. Yona anasikiliza."

Basi mwaka huu, mwezi wa tano, akaja msichana anaitwa Anneth. Mwenyeji wa Daraja Mbili huko mjini, ana shahada ya saikolojia, ana tableti ndani ya mfuko wa kitenge, na viatu vilivyomsaliti kwenye tope siku ya kwanza. Alitumwa na Daktari Harleen, bingwa wa afya ya akili, Singasinga aliyezaliwa Arusha hii hii na anayejua kutania kwa Kimeru. Walikuwa wanafanya utafiti kuhusu upweke: wazee wangapi wa mlimani wanajisikia wapweke, na upweke huo unawafanya nini usingizini, kwenye chakula na moyoni. Mwenyekiti akatafuta mtu wa kumtembeza Anneth nyumba kwa nyumba. Unadhani alimchagua nani?

"Shikamoo baba," Anneth alisalimia.

"Marahaba mwanangu. Umefika. Mambo yote ya huku nayajua mimi. Unatafuta nini?"

"Wazee wenye upweke, baba."

"Hao tu? Jumapili utawapata wote kwa mkupuo."

Jumapili ikafika. Katikati ya mnada, baada ya mkungu mkubwa na kabla ya jogoo, Thomasi akapandisha sauti: "Ndugu wapendwa! Tuna mgeni kutoka chuo kikuu! Anatafuta wapweke! Wapweke wote wapite mbele hapa, msione haya, upande wa kushoto wa meza!"

Hata jogoo alinyamaza. Watu wakatazama viatu vyao. Bibi mmoja aliyekuwa karibu na upande wa kushoto wa meza akahamia kulia, haraka kuliko umri wake. Anneth akajifunika uso kwa tableti.

"Umeona mwanangu?" Thomasi akamnong'oneza. "Hatuna. Andika sifuri."

"Baba, hivyo sivyo inavyofanyika."

"Ulitaka niwatangaze mara mbili?"

Anneth alicheka mpaka machozi, halafu akamweleza polepole kwamba wataenda nyumbani kwa watu, mmoja mmoja, na kuuliza kwa faragha. Neno faragha Thomasi alilisikia vizuri, ila alilielewa kwa namna ya mlimani. Huku mtu aliyeleta mgeni hamtupi mgeni mlangoni akaondoka kama mbwa. Anaingia naye, anakaa naye, anakunywa naye, anaondoka naye. Anneth alimwomba mara ya kwanza asubiri nje, na mwenye nyumba ndiye aliyekataa: "Thomasi akae nje kwani ameiba?" Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu Anneth akachoka kubishana na wazee.

Kwa hiyo ikawa hivi. Anneth anauliza, "Mara ngapi unajisikia huna mtu wa kuzungumza naye? Kamwe, mara chache, au mara nyingi?" Mzee anamtazama Thomasi aliyekaa mkabala naye na kikombe mkononi, jirani yake wa maisha yote, aliyembebea jeneza la mamaye. Sasa atajibuje "mara nyingi"? Ni sawa na kumtemea jirani mate kwenye chai. Ni sawa na kuwatangaza watoto wako kwamba hawakujali. "Kamwe," mzee anajibu. Nyumba kumi na moja, kamwe kumi na moja. Thomasi alitembea ametutumua kifua kama yeye ndiye aliyefaulu mtihani.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya Yona. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, jua limepanda vizuri na Meru yote iko wazi mpaka kileleni. Yona aliwakaribisha kibarazani. Aliketi kwenye kiti pekee kilichokuwepo, kisha akakumbuka, akasimama, akampa Anneth kile kiti, yeye akakaa kwenye ngazi pamoja na Thomasi.

"Mara ngapi unajisikia huna mtu wa kuzungumza naye?"

Yona alifungua mdomo.

"Huyu?" Thomasi akadakia. "Huyu nazungumza naye kila siku. Andika kamwe."

"Baba, namwomba ajibu mwenyewe."

Yona alimtazama Thomasi, akatazama mfereji. "Kamwe," akasema.

"Katika wiki mbili zilizopita, umeona maisha hayana maana?"

"Yona ni mkulima," Thomasi akasema. "Maana anaitoa wapi zaidi ya hapo?"

"Kamwe," Yona akasema, kwa sauti ndogo zaidi.

Walipoagana na kushuka njiani, Anneth alikuwa kimya. Thomasi hakupenda kimya kikae bila kazi, akakitafutia kazi.

"Umemwona yule? Mkimya, lakini mtoaji hakuna kama yeye. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Tangu mwezi wa pili kila Jumapili analeta kitu mnadani. Alianza na redio yake. Redio nzima! Ikafuata baiskeli. Ikafuata koti lake la harusi, nilivyolipigia debe lile koti, wallahi watu walitaka kupigana. Jumapili iliyopita kaleta viti vyake vitatu na mkasi wa kupogolea kahawa. Mchungaji anasema usharika haujawahi kupata mtoaji wa namna hii. Na mimi kanipa saa yake ya ukutani, bure. Nikamwambia, Baba Lilian, mbinguni umeshajengewa ghorofa!"

Anneth alikuwa amesimama hatua kadhaa nyuma.

"Mkasi wa kupogolea?" aliuliza. "Na sasa ndio majira ya kupogoa, au sio?"

"Yanakaribia."

"Atapogolea nini?"

Thomasi alifungua mdomo kujibu. Kwa mara ya kwanza tangu kile kilio cha shambani, hakikutoka kitu.

"Baba," Anneth alisema, na sasa alikuwa akiongea taratibu kama mtu anayevuka utelezi, "mtu mwenye huzuni ndefu akianza kugawa vitu anavyovihitaji, sisi tunafundishwa kusimama na kuuliza. Inawezekana ni ukarimu tu. Inawezekana pia anajiandaa kuondoka."

"Kwenda kwa Lilian?"

"Hapana, baba. Kufa."

Thomasi aliketi chini. Pale pale, kwenye nyasi za kando ya njia. Redio aliinadi yeye. Baiskeli aliinadi yeye, alipiga kengele yake mara tatu ili watu wacheke. Koti alilivaa mwenyewe akatembea nalo kama bwana harusi, na Yona alikuwa amesimama mstari wa mwisho, akitazama.

Anneth alimpigia simu Daktari Harleen. Maelekezo yalikuwa mafupi: utafiti usimame hapo hapo, matunzo yaanze, mzee asiachwe peke yake hata kidogo, aulizwe waziwazi, wodi itamsubiri leo leo akikubali. Wakarudi mbio. Lakini Yona alipomwona Anneth akatikisa kichwa. "Mwanangu, nimeshakujibu yote. Nenda salama."

Anneth akamvuta Thomasi pembeni, karibu na zizi.

"Ni wewe, baba. Anakuamini."

"Ananiamini? Ameniambia kamwe usoni pangu!"

"Amesema kamwe kwa sababu anakupenda. Sasa nisikilize. Muulize wazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, wazo kama lipo lilishaingia zamani. Halafu nyamaza. Usimpe ushauri. Usimpe mstari wa Biblia. Usimwambie na wewe ulifiwa na ng'ombe."

"Nani alikuambia habari ya ng'ombe?"

"Umeitaja nyumba zote, baba. Mimi nitakaa hapa, nawaona wote wawili. Ukinihitaji inua mkono."

Thomasi akaenda akakaa kwenye ngazi. Alishanadi mbele ya askofu, alishabishana na trafiki wa Usa River akashinda, lakini sentensi hii moja ilikuwa nzito kuliko lori alilokuwa akilifunga turubai ujanani.

"Yona," alisema. Hakusema Baba Lilian. "Unafikiria kufa?"

Yona hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Thomasi. Aliendelea kutazama maji ya mfereji, yale maji ya rangi ya chai ambayo wamekunywa wote wawili tangu utoto.

Sasa sikiliza kazi aliyoifanya Thomasi Nanyaro, na usiichukulie kirahisi. Dakika ya kwanza, ushauri wa migomba ulimpanda mpaka kooni; akaumeza. Ya pili, akaja Ayubu mzima mzima na majipu yake, akamrudisha. Ya tano, akataka kusema "mshukuru Mungu una mtoto na wajukuu"; akajiuma ulimi kwelikweli, akasikia ladha ya damu. Kuku wa Yona alipita, akawatazama, akaenda zake. Chini huko kwenye lami basi lilipiga honi na Thomasi akalionea wivu, maana lenyewe linaruhusiwa.

Halafu Yona akasema.

"Jumamosi," alisema. "Siku zote Jumamosi jioni tulikuwa tunagombana, mimi na Elinipa. Tupeleke nini mnadani. Mimi nasema mayai, yeye anasema mkungu. Mimi nasema mkungu mdogo, yeye anasema Mungu si kipofu. Miaka thelathini na nane ya ugomvi huo mmoja. Alipokufa, Jumamosi ikifika nakaa pale jikoni nangoja mtu anibishie."

Thomasi aliminya magoti yake.

"Hakuna anayebisha. Mwaka wa kwanza nilipeleka ndizi tu, bila kuchagua. Halafu mwezi wa pili nikaona, kwa nini nihangaike kuchagua? Vitu vyenyewe vya nini? Nikaanza na redio. Wewe ukainadi vizuri, watu wakafurahi. Nikaona vinakwenda vizuri kwa watu vitu vyangu, kuliko vikikaa na mimi." Akaokota jani kavu la mgomba. "Kwa Jumapili hii inayokuja nimetazama ndani, vimekwisha. Nikaona basi. Na mimi zamu yangu imefika."

Thomasi alilia. Hakulia kwa sauti, hilo peke yake lilikuwa jambo la ajabu. Machozi yalishuka tu kama maji yanayotafuta mfereji. Alikumbuka jambo la mwisho aliloambiwa na Anneth pale zizini: ukisikia, mrudishie ulichokisikia, bila kuongeza chumvi.

"Nimesikia," alisema. "Jumamosi hakuna anayekubishia. Vitu vimekwisha. Na wewe umeona uondoke."

Yona alimgeukia, akamtazama kama mtu aliyegonga mlango mbovu kwa miaka miwili ukafunguka.

"Ndiyo," alisema. "Hivyo hivyo."

Kisha akaongea. Aliongea mpaka kivuli cha mgomba kikavuka kibaraza. Aliongea habari za usingizi unaokatika alfajiri, habari za loshoro, chakula chake cha mahindi na maziwa mgando, inayomgeuka mdomoni ikawa kama udongo, habari za aibu ya kumpigia simu Lilian na kukosa la kusema. Anneth alipoangalia saa, dakika arobaini zilikuwa zimepita na mpiga mnada hajatoa ushauri hata mmoja. Mwishowe Thomasi aliuliza kitu kimoja tu: "Utakubali twende kwa daktari, mimi na wewe, sasa hivi?"

"Utaongea njia nzima?"

"Nitaongea nusu."

Yona akatoa sauti fulani puani. Haikuwa kicheko kamili, lakini Maria, aliyekuwa ameshafika na chupa ya uji baada ya kuitwa na Anneth, anaapa kwamba ilikuwa kicheko.

Mjini, hospitalini, muuguzi aliyekuwa mapokezi aliwatazama wazee wawili wenye matope miguuni. "Karibuni wazee. Mgonjwa ni nani?"

Mdomo wa Thomasi ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Akaufunga kwa mkono, kwa kiganja kabisa, muuguzi akadhani anaumwa jino.

"Ni mimi," alisema Yona. "Naitwa Yona Mbise. Sina hamu ya kuishi, nimekuja mnisaidie."

Daktari Harleen alimpokea kwa utani wa Kimeru kibovu uliowafanya yeye na wazee wote wawili waumwe mbavu kwa kicheko, kisha akamlaza wodini siku tisa. Alimwambia kwamba huzuni ya namna ile ni ugonjwa, una jina, una dawa, na kwamba dawa peke yake haitoshi bila watu. Lilian alikuja kutoka Mwanza, akalala kwenye mkeka kando ya kitanda cha baba yake kama alipokuwa mdogo. Yona aliporudi nyumbani, Thomasi alihamia kwake na godoro kwa wiki tatu. Maria alisema hajawahi kulala vizuri namna ile tangu aolewe.

Na utafiti? Anneth aliurudia katika nyumba zote kumi na mbili, safari hii peke yake. Wazee walinung'unika kwamba Thomasi amewatupa, lakini Thomasi mwenyewe aliwapitia mmoja mmoja na kuwaambia, "Mimi ndiye niliyekuwa nimewaziba midomo. Ongeeni na mtoto." Majibu waliyotoa ni siri ya tableti. Kinachojulikana ni kwamba sasa kila Alhamisi, saa tisa, chumba cha Sunday school kinajaa wazee, viti vya watoto vimewafika magotini, na kila mmoja anapewa muda wake wa kusema bila kukatizwa. Thomasi aliruhusiwa kujiunga kwa sharti la maandishi. Alilisaini.

Jumapili ya tatu ya mwezi wa nane, Yona aliomba kutoa sadaka ya shukrani. Kule mtu akitoa shukrani anatembea mpaka mbele ya madhabahu na watu wake, anapewa kipaza sauti, anasema anamshukuru Mungu kwa lipi. Kwa kawaida ni safari, mtihani, mtoto aliyezaliwa. Yona alikwenda na Lilian kulia na Thomasi kushoto, na Maria nyuma yao kuhakikisha Thomasi hashiki kipaza sauti.

"Nilitaka kufa," Yona alisema. Hakuzunguka. "Nilikuwa mpweke katikati yenu, na niliona aibu kusema, kwa sababu nyote ni wema kwangu. Namshukuru Mungu sikufa. Nawashukuru madaktari, na yule binti wa Daraja Mbili. Na namshukuru Mungu kwa jirani yangu huyu, aliyenyamaza dakika arobaini. Ninyi mnaomjua, pimeni wenyewe ukubwa wa muujiza."

Kanisa likaangua kicheko, kicheko cha kushikana mabega, na katikati ya kicheko kile wengine walikuwa wanafuta macho. Thomasi alitaka kujibu utani, maana jibu alikuwa nalo, zuri kabisa. Badala yake machozi yakamtangulia. Maria akampa pembe ya kitenge chake. Akapenga kamasi, na kwa kuwa amesimama karibu na kipaza sauti, mlio ule ulikwenda mpaka nje, ukavuka kaburi la Elinipa nyuma ya kanisa, ukashuka na mlima, na mchungaji, bila kucheka hata kidogo, akasema, "Amina."